Mchumba Anayepotea Mwezi Ukipevuka

"Huyo bwana ana mke," Shangazi Sitara aliniambia, tena kabla hata hajakaa.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, Kariakoo imeshachangamka, na mimi nilikuwa juu ya ngazi natundika madera mapya mbele ya fremu yangu pale Mtaa wa Kongo. Nusura nije chini na madera yote.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Shuka huko juu nikwambie, usije ukavunjika nikalaumiwa mimi."

Nilishuka. Shangazi akajivutia kigoda, akakaa katikati ya mzigo ambao sikuwa nimeufungua, akajifuta jasho kwa ncha ya mtandio. Nilitaka kumpa maji, mkono ukaishia njiani. Nilikumbuka amefunga. Shangazi yangu hufunga zile siku nyeupe za kila mwezi, kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano kwa hesabu ya Kiislamu, na hajaziacha tangu mumewe afariki. Watu wengine swaumu huwafanya wapole. Yeye humwongezea ukali.

"Bwana gani ana mke?" nikauliza, ingawa roho ilishajua.

"Kwani wamekuposa wangapi? Si huyo huyo Kitwana wako!"

Jirani yangu Evarista, muuza viatu wa fremu ya pili, aliacha kupanga makobazi yake akasogea mlangoni. Evarista ni mtu wa Masasi, Mkatoliki wa misa ya kwanza, lakini habari za posa za Waislamu hazimpiti. Sikumfukuza. Siku kama ile mtu unahitaji wa kukushika mkono.

"Shangazi, mshenga ameshaleta posa, baba ameipokea, Jumamosi anafuata jibu. Leo ndiyo unaniletea habari ya mke? Nani kakwambia?"

"Hajaniambia mtu, nimeona mwenyewe." Akaanza kukunja vidole. "Mwezi uliopita nimefunga, mota ya maji ikaharibika, baba yako akampigia simu huyo fundi wa umeme wa familia. Hapatikani. Mwezi wa nyuma yake nimefunga, wewe umelala na homa hujijui, nikampigia aje akuone. Hapatikani. Ile arobaini ya jirani yetu, wanaume wote wa Magomeni wako pale, yeye hayupo, nami nimefunga. Kila nikifunga, Anifa, mchumba wako hayumo mjini! Nikishafungua, siku mbili tatu, huyo, kaja na pweza mkavu kwenye mfuko na meno yote nje."

"Anakuwa kazini. Anakwendaga saiti."

"Kazi yake si umeme?"

"Umeme."

"Umeme gani unaofuata mwezi?"

Evarista akacheka. Nikamtolea jicho.

"Haya, tuuache mwezi," shangazi akasema. "Idi Ndogo alikuwa wapi?"

Idi Ndogo nilimpikia pilau kwa mkono wangu, nikavaa dera ambalo sijawahi kumuuzia mtu jingine kama lile, nikakaa barazani kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Ujumbe wake ulikuwa umeingia usiku wa kuamkia Idi: "Niko saiti mpenzi, nisamehe sana." Baada ya hapo simu ikazima. Pilau lake lililiwa na baba.

"Alikuwa saiti," nikasema kwa sauti ndogo.

"Na Idi Kubwa?"

"Idi Kubwa alikuja! Si alikula mpaka ukaficha sufuria?"

"Ndiyo hapo sasa! Idi Ndogo kampa mwenzio, Idi Kubwa kakupa wewe. Hiyo ni zamu, mwanangu. Mume wa wake wawili yule, tena mwadilifu, anajua kugawa!"

Laiti angekuwa anatania ningecheka. Lakini shangazi alikuwa hatanii. Aliuvuta mtandio ukamfunika nusu ya uso, akaongea taratibu, sauti ambayo huitoa mara chache.

"Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anaendesha lori la Tanga. Mimi najua Tanga kuna mizigo tu. Mke mwenzangu nilimjua siku ya msiba. Aliingia na watoto, wana paji la uso la mume wangu, wakanipa mkono wa pole. Wao walijua kama mimi nipo, Anifa. Mimi ndiye sikuwajua. Sitaki na wewe uje upewe pole na mtu usiyemjua."

Nilimshika mkono. Ungemjibu nini mtu wa namna hiyo? Nilikuwa nampenda Kitwana mpaka nikisikia jina lake redioni, hata kama ni mtu mwingine, moyo unaruka. Na bado, pale pale, mdudu wa wasiwasi aliingia akakaa.

"Nimeongea na baba yako," akaendelea. Baba yangu, Mzee Abdulkadiri, anamwogopa Mungu kwanza, halafu dada yake. "Jumamosi mshenga akija, Kitwana naye awepo. Akae barazani na baba yako toka asubuhi mpaka nitie tende mdomoni. Akiwepo, posa imekubaliwa. Asipokuwepo, mshenga wake Mzee Abdulmalik anarudishiwa posa yake, na nitaibeba mimi mwenyewe mpaka mlangoni kwake."

"Shangazi! Wapi umeona mposaji anakaa kusikiliza jibu la posa yake?"

"Sijaona. Na mwanamume anayepotea kila mwezi ukipevuka sijaona vilevile."

Nikapumua. Jumamosi tu? Mbona rahisi! Nikachukua simu nikampigia palepale, na shangazi akalisogeza sikio kama anayetaka kunong'onezwa.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Posta, natoka ofisini. Nilikuwa nakuja huko kukuaga."

"Kuniaga?"

"Si naondoka leo. Saiti."

Simu ilikatika, au nilikata mimi, sikumbuki. Shangazi aliinuka, akachukua mkeka wangu wa kuswalia, akautandika nyuma ya madera yaliyotundikwa ukutani, akajilaza huko.

"Mwache aje," sauti yake ikatoka nyuma ya vitambaa. "Mimi sipo."

"Shangazi, umbea na swaumu?"

"Huu si umbea, huu ni upelelezi. Nyamaza, nachoka nikiongea."

Kitwana aliingia kabla sijajipanga. Begani alikuwa na lile begi lake kubwa la bluu, shati limemshika mgongoni kwa jasho, na nje muuza soksi alikuwa anapiga kelele kwenye spika, bei poa, bei ya kutupa. Aliinama asigonge kichwa kwenye madera, akanyanyua macho, akanitazama vile anavyonitazama, kama Mtaa wa Kongo wote umefungwa na tumebaki wawili. Siku zote macho yale hunimaliza. Siku ile niliiona na ngozi yake pia: imeungua jua mpaka imeng'aa. Mtu wa ofisini Posta anaungulia wapi jua namna hii? Nikajiona mjinga kwa kutokuuliza miezi yote.

"Mambo, mrembo?"

"Sina mambo."

Tabasamu likampotea. "Kuna nini?"

"Jumamosi unatakiwa nyumbani Magomeni. Baba anataka ukae naye siku nzima. Mshenga wako anakuja kuchukua jibu."

Niliona rangi inambadilika. Aliweka begi chini polepole.

"Jumamosi hapana, Anifa. Niambie Jumatano. Niambie Ijumaa ijayo, niambie siku yoyote utakayo, nitahamia hapo barazani na godoro langu. Jumamosi hii siwezi."

"Nani anakungoja hiyo Jumamosi?"

"Hakuna mtu, inaningoja mashine."

"Mashine ina jina? Ina watoto?"

Upande wa pili Evarista alikohoa. Kitwana alinitazama kama nimemmwagia maji.

"Unamaanisha nini?"

"Namaanisha Idi, Kitwana! Namaanisha homa yangu! Kila mwezi ukijaa wewe hupatikani. Ukiandama, hupatikani. Nyumbani wanasema una mke na uko kwenye zamu, nami nimeishiwa maneno ya kukutetea. Una mke?"

"Mke?" Alicheka, cheko fupi, halafu akaona sichekeshwi. "Anifa. Wallahi sina mke, sina mchumba, sina hata paka. Nilikueleza yote mimi. Siku ile Feri, tunakula samaki, nilikueleza saa nzima!"

Siku ile naikumbuka vizuri sana. Alikuwa anaongea kwa mikono, anachora mezani kwa maji ya soda, na huku ananichambulia miiba ya yule samaki na kuniwekea minofu upande wangu wa sahani. Nilikuwa naitazama midomo yake. Nilisikia "serikali", nikasikia "umeme", nikasikia "saiti". Yaliyobaki yalipita juu kwa juu.

"Ulisema umeme," nikasema.

"Nilisema umeme wa bahari!"

"Mimi niliusikia umeme."

"Basi nisikilize leo..."

"Leo sitaki somo, Kitwana!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, mpaka mama mmoja aliyekuwa anapapasa dera mlangoni akaliachia na kuondoka. "Leo nataka jibu. Jumamosi ukiwepo, mimi ni mkeo. Usipokuwepo, posa inarudi. Sijaitunga mimi, na siwezi kuipangua. Chagua."

Kitwana alitoa simu mfukoni.

"Bosi Elimringi? Kitwana hapa. Bosi, sitakuja." Akasikiliza, akafumba macho. "Najua. Najua ndicho cha mwisho... Hapana, bosi, siumwi. Ni mambo ya nyumbani... Nisamehe sana."

Akakata. Akakaa juu ya mzigo wangu, begi katikati ya miguu, akaangalia sakafu. Hakununa wala hakunilaumu. Alikaa tu kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba akawa bado hajawaambia wenzake.

Nilikuwa nimeshinda, si ndiyo? Nilipaswa kushangilia. Nikamtazama Evarista, naye akatikisa kichwa, akarudi kwenye makobazi yake. Nilipiga magoti mbele ya Kitwana, madera yananigusa kichwani.

"Usipokwenda, kinaharibika nini?"

"Achana nayo. Imeshapita."

"Kitwana. Sasa hivi nasikiliza. Si midomo, nasikiliza maneno."

Hilo hakulielewa, lakini alielewa macho yangu.

"Serikali inaandika mpango mpya wa nishati," akaanza. "Sera ya nchi nzima. Jua limo, upepo umo, gesi imo, mito imo. Bahari haimo. Sisi tukaomba iingizwe, wakasema msituletee maneno, leteni vipimo vya mwaka mzima. Ndipo tukashusha mashine chini kule Mkondo wa Mafia, inapima maji yanakwenda na kasi gani yakijaa na yakipwa. Kasi ikitosha, iko siku tutazamisha mapanga makubwa, kama ya feni, maji yenyewe yayazungushe. Watu wa visiwani wawashe taa bila kununua dizeli. Ndiyo kazi yangu hiyo. Natoa mashine, nasoma, naisafisha makome yaliyoigandia, narudisha. Simu huko haishiki."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi ndiyo kipimo cha mwisho cha mwaka. Nikikikosa, mwaka una tundu. Kamati ikiona tundu itasema bado, na bahari itangoja mpango mwingine. Sijui miaka mingapi."

"Si aende mwenzako?"

"Tunaoshuka na ile mashine tuko wawili. Mwenzangu amevunjika mkono."

"Sasa kwa nini umekubali kubaki?"

Alinyanyua uso. Macho yalikuwa yamelowa, na hakuyaficha.

"Bahari itakuwepo, Anifa. Wewe sina hakika."

Machozi yalinibubujika palepale, mbele za watu, Kariakoo mchana kweupe. Nikaushika mkono wake uliojaa mikwaruzo. Nikatafuta njia yoyote ile.

"Si uende wiki ijayo? Jumamosi ukae, halafu wiki ijayo ukapime ukipenda mwezi mzima."

"Wiki ijayo ni maji mafu, hayana nguvu. Lazima iwe bamvua."

Madera yalitikisika.

"Umesema nini?"

Kitwana aliruka kama kaguswa na waya. Shangazi Sitara alitokea katikati ya vitambaa, mtandio umeenda upande, dera la zambarau limemning'inia begani na lebo yake ya bei.

"Shi... shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nimekuuliza umesema nini."

"Nimesema bamvua, shangazi. Yale maji makubwa."

"Bamvua naijua! Mimi nimezaliwa kisiwani Songo Songo, unifundishe bamvua? Ninachokuuliza, wewe huko Mafia unakwenda na bamvua?"

"Kila bamvua, shangazi. Ndiyo maji yanakuwa na nguvu yake yote. Mwezi ukipevuka na mwezi ukiandama."

Niliona midomo ya shangazi inacheza bila sauti, kidole gumba kinapita juu ya vidole vingine, kwenda na kurudi.

"Mwezi ukipevuka," akasema polepole. "Siku zangu nyeupe."

"Ndiyo, shangazi."

"Mwezi ukiandama... Idi Ndogo."

"Nilikuwa majini, shangazi. Takbira nilizisikia kwa mbali toka msikiti wa Kilindoni, nikalia."

"Na Idi Kubwa mwezi una siku kumi tu, bamvua bado."

"Ndiyo maana nilikuja."

"Ukala vile."

"Nilikuwa na njaa ya Idi mbili, shangazi."

Shangazi alijitupa juu ya kigoda. Alianza kucheka. Alicheka kwa tumbo, kwa mabega, akapiga paja, akashika kifua na kusema "swaumu yangu jamani, swaumu yangu", akacheka tena mpaka Evarista naye akaja kucheka bila kujua anacheka nini.

"Kwa nini hukusema?" akauliza akijipangusa machozi. "Mtu mzima unasema kazi ya umeme, kazi ya umeme! Umeme na bamvua wapi na wapi?"

"Niliogopa, shangazi. Nikisema natafuta umeme baharini watu wananicheka. Mjomba wangu mwenyewe aliniuliza kama nimerogwa."

"Kule Songo Songo mama yangu alikuwa anatuamsha alfajiri, bamvua hiyo, maji yamekupwa mpaka mbali kabisa, tunakwenda kuchokoa pweza. Baba yangu ndiyo hivyohivyo, bamvua ikifika hayupo nyumbani. Na mama hakumuuliza hata siku moja ana mke wapi. Alikuwa anaangalia mwezi tu." Shangazi akaweka mikono magotini. "Mimi nimekaa Magomeni mpaka nimeyasahau maji. Mwezi siku hizi naujua kwa kufunga tu."

Ndipo kicheko kikageuka. Alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakatikisika namna nyingine, na nikajua analilia lori la Tanga na yote aliyokaa nayo rohoni. Nilimkumbatia. Kitwana hakujua aende au abaki, akaishia kulishika lile dera la zambarau lisiburuzike chini.

"Alhamdulillahi," shangazi akasema ndani ya mtandio. "Alhamdulillahi, mwanangu hana mke mwenza."

Nilikuwa kama mtu aliyetembea na ndoo kichwani toka bombani na sasa ameitua. Sikujua nilikuwa nimebeba kiasi gani mpaka nilipotua. Nikamtazama Kitwana juu ya bega la shangazi, naye akanitazama, na tukacheka wote wawili kimyakimya kama watoto waliokoswa na fimbo.

Simu yake ikalia. "Bosi Elimringi," akasema kwa woga.

Shangazi alimpokonya.

"Haloo! Wewe ndiye mkubwa wake? ... Mimi mama yake mkubwa. Shikamoo yako nimeipokea. Sikiliza baba, anakuja ... Hapana, yale ya mwanzo yafute, alikuwa amechanganyikiwa. Anakuja, na begi lake hili naliona. Pimeni maji yenu vizuri, msiache tundu ... Haya. Na mvalishe koti, upepo wa kule naujua mimi."

Akamrudishia simu. Kitwana aliishika kwa mikono miwili.

"Bosi anasema nini?" nikamuuliza shangazi.

"Sijui, alikata yeye," shangazi akajibu. "Wewe Kitwana, unangoja nini? Mpaka bandarini Nyamisati ni leo leo, ukichelewa boti ya asubuhi utaogelea?"

Alilivaa begi. Lakini miguu haikuondoka. Alikuwa na swali usoni, na hata Evarista aliliona.

"Shangazi... na Jumamosi?"

"Jumamosi kuna nini?"

"Jibu la posa."

"He! Mposaji anaulizia jibu la posa mwenyewe, mchana, dukani! Mila imekwisha Bongo hii?" Shangazi alisimama, akajinyoosha mtandio, heshima yake yote ikarudi. "Posa ni mambo ya wazee na mshenga. Wewe hayakuhusu."

"Ndiyo, shangazi."

"Ila nikuulize kitu kingine, hakina uhusiano kabisa. Hayo maji mafu huwa siku zipi?"

"Mwezi ukiwa nusu, shangazi. Siku ya saba, ya nane hivi, halafu tena siku ya ishirini na mbili. Siku hizo huwa niko mjini, sina safari."

"Ahaa. Nilitaka kujua tu. Nenda."

Nilimsindikiza mpaka kwenye kona ya Mtaa wa Mchikichi. Hatukushikana mikono, watu wengi wananijua. Tulitembea bega kwa bega tukikwepa mikokoteni, na kila mkokoteni ukipita ananisogeza upande wake kidogo.

"Umenikasirikia?" nikamuuliza.

"Kidogo. Kwa ajili ya paka."

"Paka gani?"

"Nimesema sina hata paka, hukunionea huruma."

Nikampiga kofi la bega. Alicheka lile cheko lake kamili, akanitazama mara moja tu, mtazamo mrefu wa kuniachia, akazama kwenye umati na begi lake la bluu. Siku zote akiondoka huwa narudi dukani nimenuna. Siku ile nilirudi naimba, nikamuuzia Mzambia mmoja madera dazeni nzima bila kubishana.

Jumamosi Mzee Abdulmalik alifika baada ya adhuhuri, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua, akakaribishwa barazani na baba. Sisi wanawake tulikuwa chumbani, tumebanana nyuma ya pazia la mlango. Evarista alikuwepo, amejitanda khanga yangu. Shangazi alikuwa mbele yetu sote, amefunga, hajachoka hata kidogo.

Waliulizana hali, wakaulizana watoto, wakaulizana mvua. Halafu mshenga akakohoa.

"Mzee mwenzangu, nimekuja kufuata neno langu."

"Neno lako tumelipokea," baba akasema. "Na tumelikubali. Binti yetu ni binti yenu."

Evarista alinifinya nusura anitoe nyama. Nilifumba macho. Nilimwona Kitwana, kifua wazi juani, anasafisha makome, hajui kama tayari ni mchumba wangu mbele ya wazee. Alikuwa mahali simu haishiki, na kwa mara ya kwanza hilo halikuniuma.

"Alhamdulillahi," Mzee Abdulmalik akasema. "Sasa wenzangu wameniambia niulize na tarehe. Mwaona lini?"

Baba alibabaika. Tarehe si fani yake. Na kabla hajatafuta maneno, shangazi akajibu kupitia pazia, kwa sauti iliyofika mpaka mtaa wa nyuma.

"Mfungo sita, mwezi wa Maulidi. Siku ya ishirini na mbili."

Mshenga alipiga hesabu kwa vidole. Ni mtu wa pwani naye.

"Bi Sitara," akasema kwa adabu, "siku hiyo si maji mafu? Harusi yenye heri watu huiweka mwezi unapanda. Huu utakuwa unapungua. Kwa nini tusiisogeze mbele, iwe mwezi mwandamo?"

"Mzee Abdulmalik," shangazi akajibu, "nataka bwana harusi awepo."